Nipe mji, usiniuzie jibu

Mvua ya alasiri ikiwafungia abiria majumbani, waendeshaji boda katika steji ya Kabazi, kaunti ya Nakuru, huegesha pikipiki kando ya varanda za maduka na kutoa simu. Wengine husoma matokeo ya kandanda. Wengine huinamia duara lenye msalaba mwembamba katikati, na ndani ya duara hilo mtu asiye na jina anatembea juu ya paa la mji usio na jina. Kidole kinagusa, mtu anaanguka, tangazo la mikopo linajitokeza, na kabla tangazo halijaisha abiria wa kwenda Subukia amefika. Huo ndio mchezo wa kudungua, na umeenea kwa sababu zinazoeleweka: haulipiwi kuupakua, hauhitaji runinga wala umeme wa ukutani, na misheni moja huisha kabla kikombe cha chai hakijapoa.

Wazazi, walimu na wahubiri wakizungumzia michezo ya video, mizani yao huwa moja: ina bunduki au haina? Yenye bunduki ni mibaya. Ya mafumbo ni mizuri kwa kuwa inachangamsha ubongo. Ya safari na visa, ile ya kuruka magenge na kuingia makaburi ya kale, huachwa katikati kama mgeni ambaye hakuna anayejua amealikwa na nani. Mizani hiyo si ya kudharauliwa, na nitaifikia, lakini kuna jambo inalolikosa. Ipo michezo ya bunduki inayomtaka mtu atazame dakika kumi kabla ya kugusa chochote, na ipo michezo ya mafumbo, yenye peremende za rangi, ambayo kazi pekee ya akili humo ni kuhesabu sarafu zilizobaki. Ninachodai ni kwamba aina hizi tatu ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote humwekea mchezaji swali na kumwambia atazame. Kinachotenganisha mzuri na mbaya ni mapatano kuhusu jibu: liko wapi, na asiyelipata atalipa nini.

Mapatano hayo Waswahili waliyanyoosha kabla umeme haujajulikana. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Anayetegewa amepewa kila anachohitaji. Mtegaji hakuficha ufunguo mfukoni, yai limo ndani ya maneno yenyewe. Akishindwa haambiwi alipe shilingi, anaambiwa atoe mji. Anatoa Mombasa, au Nakuru yenyewe, na mtegaji anausafiri mji huo kwa mbwembwe, anakaribishwa, anakula akashiba, ndipo anapotoa jibu. Adhabu hiyo ina ujanja. Inauma kidogo, maana wote waliopo wamesikia umeshindwa, lakini haimfilisi mtu, na inamfanya aliyeshindwa awe sehemu ya burudani. Jibu likitajwa, anapiga paja na kusema kumbe! Kumbe hiyo ndiyo risiti ya swali la haki. Wazee wa Kabazi wanaofungua vitendawili vyao vya Kikuyu kwa kusema gwata ndaĩ wanaijua vizuri, ingawa lugha ni nyingine.

Tuanze na mafumbo. Mwaka 1993 ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller, walitoa mchezo wa kompyuta uitwao Myst. Mchezaji anatupwa kisiwani bila maelezo. Hakuna adui, hakuna saa inayohesabu, kuna vitabu na mitambo iliyonyamaza tu. Ukauza zaidi ya nakala milioni 6 na kukaa miaka mingi kileleni mwa michezo ya kompyuta, mpaka The Sims ilipoupita mwaka 2002. Kwa hiyo dai kwamba umma hautaki kufikiri lilikuwa limejibiwa mapema. Hata hivyo sitausifu kupita kiasi. Baadhi ya mafumbo yake yana jibu lililo mbali mno na swali, na mchezaji hujikuta akibonyeza kila swichi hovyo kama anayejaribu funguo za jirani. Jibu likija kwa njia hiyo, kumbe haitoki.

The Room, uliotolewa mwaka 2012 na Fireproof Games ya Guildford, Uingereza, ulilipata lile ambalo Myst ulilikosa. Kuna chumba chenye giza, meza, na juu ya meza sanduku zito. Unalizungusha kwa kidole. Kibao kinateleza, chini yake kuna tundu la ufunguo. Ufunguo unao, lakini meno yake hayaingii. Unautazama tena, unaugeuza, na unagundua kwamba ufunguo wenyewe una kiungo kinachozunguka: meno yanahama, yanapata umbo jingine, na chuma kinalia ndani ya mbao. Jibu lilikuwa mkononi mwako tangu mwanzo. Ukikwama, alama ya kuuliza hujitokeza pembeni. Kidokezo cha kwanza kinazunguka mbali, kinachofuata kinasogea karibu, na vyote ni bure. Mchezo ulilipiwa mara moja, basi. Hiyo ni nipe mji iliyovaa koti la Kiingereza.

Monument Valley, wa ustwo ya London (2014), unapendwa zaidi kwa sababu ya uzuri wake: ngazi zinazopanda zikishuka na minara inayokunjika kama karatasi. Kwangu ni picha bora kuliko ulivyo fumbo, kwa kuwa mara nyingi hakuna pengine pa kugusa isipokuwa pale panapong'aa. Lakini walipoongeza sura mpya mwaka huohuo na kuziuza kando, baadhi ya wateja waliukasirikia na kuupa nyota moja, na hapo wateja ndio waliokosea. Kulipia sura mpya ni kulipia kazi mpya. Kununua jibu ni jambo jingine, na mfano wake ni Candy Crush Saga, ambao hakuna mhubiri aliyewahi kuukemea. Unapewa maisha 5. Ukishindwa, moja linapotea na hurudi baada ya dakika 30, isipokuwa ukilipa. Na hata fumbo lenyewe linaweza kuvunjwa kwa nyundo ya kununua. Mtegaji wa namna hiyo ananufaika unaposhindwa, na mtu anayenufaika ukishindwa hawezi kuaminiwa kutunga swali la haki.

Michezo ya safari ina ugonjwa wake, wa upande wa pili. Tomb Raider ya kwanza, iliyotengenezwa Derby mwaka 1996, ilimweka shujaa wake, Lara Croft, pangoni na kunyamaza. Mapango yale yalijengwa kwa vipande vya mraba vyenye ukubwa sawa, kwa hiyo mchezaji aliweza kupima kwa macho kama mruko wa mbio utafika ng'ambo ama la. Akianguka, alijua amehesabu vibaya. Miaka ilivyopita, gharama za kutengeneza michezo hii zikapanda, na hofu ikapanda nazo: vipi mteja akichoka? Katika Uncharted, ulioanza mwaka 2007, shujaa wake, Nathan Drake, hubeba daftari ambalo mara nyingi limechorwa karibu jibu lote. Katika God of War Ragnarök wa mwaka 2022, wenzako hukutobolea fumbo kabla hata hujaligeukia upande wa pili, na wachezaji wengi walilalamika kwamba hawaachwi wakafikiri. Wanaotetea mtindo huo wana hoja. Mtu aliyetoka kazini usiku ana saa moja tu, mwingine haoni vizuri, mwingine ni mtoto. Msaada uwepo, sikatai. Ila mtegaji husema nipe mji baada ya mwenzake kukiri ameshindwa. Anayetaja yai kabla swali halijatua ameua mchezo kama yule anayeliuza yai, tofauti ni kwamba huyu ana huruma.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka uleule wa 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi, mmojawapo wa michezo ya kwanza ya 3D kutengenezwa nchini, wenye shujaa wa kike anayesaka vitu vya kale. Ukiulinganisha na Uncharted kwa sura utaucheka, na utakuwa umelinganisha kijana na kompyuta yake na kikosi kizima cha mafundi waliofadhiliwa na Sony. Kirinya aliendelea, na mwaka 2009 akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Lililonivutia ni kwamba Mkenya alipopata nafasi ya kutunga, alitunga safari na kutafuta.

Sasa twende kwa wadunguaji, ambako mizani ya bunduki-au-hapana hukwama kabisa. Hitman Sniper, uliotolewa na Square Enix Montreal mwaka 2015, una mandhari moja tu: jumba la kifahari nchini Montenegro, likitazamwa kutoka ng'ambo. Humo mna walinzi, wageni, na watu waovu unaotumwa kuwaondoa. Mwenye haraka anapiga risasi tatu, king'ora kinalia, alama zake ni chache. Mwenye subira anaona kwamba yule bwana hurudi kila mara kuegemea kioo cha roshani. Anakipiga kioo, si mtu. Kioo kinavunjika, bwana anaanguka gengeni, na mlinzi aliyempa kisogo hajui lolote. Ukishaicheza nyumba hiyo mara hamsini unajua nani anapita wapi na lini, kama mcheza bao anavyojua kete za mwenzake bila kuzihesabu kwa kidole. Huo ni mchezo wa fumbo wenye bunduki mahali pa kalamu.

Sniper Elite, wa Rebellion ya Oxford, umekuwepo tangu mwaka 2005, na ubora wake uko katika hewa. Risasi inashuka kadiri inavyosafiri, upepo unaisukuma, moyo wa mdunguaji ukienda mbio darubini inatikisika. Katika toleo la tatu (2014), linaloanzia Tobruk mwaka 1942, jenereta inayokohoa inaweza kuziba mlio wa bunduki yako, kwa hiyo unasubiri mashine ikohoe ndipo upige. Jibu liko masikioni mwako. Toleo la nne, la mwaka 2017, liliongeza jambo ambalo sikulitegemea katika aina hii: ukimwelekezea askari darubini unasoma kidogo habari za maisha yake, huyu na familia yake, yule na ndoto zake. Halafu mchezo huohuo unayaharibu yote. Tangu mwaka 2012 kamera yake huifuata risasi mpaka mwilini na kuonyesha mbavu zinavyopasuka kama kwenye picha ya eksirei. Mchezo umekupa jina la mtu, kisha ukakuonyesha mapafu yake kama zawadi. Ni mchezo wenye mioyo miwili, na mmoja nausifu, mwingine siutetei.

Lakini huo si mchezo wa steji. Unaochezwa sana kwenye simu ni wa kundi la Sniper 3D, uliotoka Brazil mwaka 2014 na kuenea dunia nzima. Mwanzo wake unapendeza: tafuta mwenye koti jekundu katikati ya umati, mpige kabla hajaingia garini. Ni kutazama hasa. Baada ya misheni kadhaa unaambiwa bunduki yako haitoshi. Umemwona mwenye koti, umepima umbali, mkono umetulia, jibu unalo. Ila huruhusiwi kulitoa mpaka uongeze nguvu ya risasi, na nguvu hiyo hupatikana kwa kusubiri, kwa kutazama matangazo, au kwa pesa. Ni sawa na mtegaji kusema: naam, ni yai, lakini kwanza ninunulie soda. Kasoro yake kubwa kwangu ni hiyo, kabla ya damu.

Damu nayo lazima ijibiwe, hasa ukiandika kuhusu Nakuru. Kaunti hii ilionja mapigano ya Molo mwaka 1992, na Januari 2008 mishale na mapanga vilifika mpaka mitaa ya mji. Mzazi aliyewahi kulala nje ya nyumba yake akimwona mwanawe anafurahia kichwa cha mtu ndani ya duara, simwambii kwamba hajui anachokiogopa. Ushahidi uliopo unatuliza kidogo: mwaka 2019 watafiti Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walichunguza vijana wapatao 1,000 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15, na hawakuona uhusiano kati ya kucheza michezo ya vurugu na tabia ya ugomvi. Mtu atasema Uingereza si Subukia, na atakuwa sahihi. Mimi ningeongeza kwamba ghasia za 1992 na 2008 hazikuhitaji mchezo wa video. Zilihitaji siasa, ardhi na uvumi. Swali la kuuliza kuhusu picha ya bunduki ni hili: mchezo unamfanya mchezaji amwone vipi aliye upande wa pili.

Na hapo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kesi yetu wenyewe. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5, unaofanyika Kijuju, mahali pa kubuni ambapo mchezo unasema ni Afrika Magharibi. Wanakijiji walioambukizwa, wanaokukimbilia na mapanga, wanaitwa Majini, na wanazungumza Kiswahili. Afrika Magharibi! Dunia ilibishana sana juu ya shujaa mweupe anayewapiga Waafrika risasi, na mjadala huo ulistahili. Lakini ukiusikiliza kwa sikio la Kisumu au Tanga kuna tusi la ziada: lugha imetiwa humo kama kelele, kwa kuamini kwamba hakuna mchezaji atakayeielewa. Mchezo huo haukutegemea kabisa kwamba anayeongea Kiswahili anaweza kuwa ndiye aliyeshika padi. Hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko risasi elfu za Sniper Elite.

Limebaki pingamizi la mfuko. Ni rahisi kusifu The Room, mtu atasema, lakini kijana wa Kabazi anacheza cha bure kwa kuwa hana cha kulipa. Kweli, ila tazama bei inavyofanya kazi. Banda la gemu lina runinga, PlayStation, benchi, na malipo kwa mechi. Mechi ya kandanda ina mwanzo na mwisho, wawili wanacheza na kumi wanashangilia. Fumbo halina mwisho unaojulikana. Mtu akikaa kimya dakika ishirini akitazama mlango wa hekalu, foleni itapiga miluzi na mwenye banda atahesabu hasara. Kwa hiyo FIFA, ambayo tangu 2023 inauzwa kwa jina la EA Sports FC, ikatawala mabanda, na watu wakahitimisha kwamba vijana wetu hawapendi kufikiri. Bei ndiyo iliyochagua. Simu ilikuja na nafasi ya kubadili hilo, maana haina foleni nyuma yake, na nafasi hiyo ikachukuliwa na wauza majibu. Cha bure nacho kina gharama: bando linaloliwa na matangazo, na shilingi hamsini hamsini za kuongeza nguvu ya bunduki ambazo hakuna anayezijumlisha.

Wala sisemi pesa haifai kuingia mchezoni kamwe. Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alipata kipakatalishi chake cha kwanza baada ya mama yake kuweka akiba miaka 3 mpaka zikatimia dola 300. Mchezo wake, Salaam, unamweka mchezaji katika nafasi ya mtu anayekimbia vita, na alivyoupanga, mchezaji akiishiwa maji au chakula na kununua kwa pesa halisi, pesa hiyo isaidie wakimbizi halisi kambini. Mwaka 2018 alitunukiwa katika hafla ya The Game Awards. Mpango wa namna hiyo unamwambia mchezaji waziwazi analipa kwa nini na kwa nani. Mtegaji haongezi shimo ili auze ngazi.

Andrew Kaggia naye alionyesha mwaka 2015, kwa Nairobi X, kwamba Mkenya anaweza kutengeneza mchezo wa kufyatua risasi katika barabara za jiji lake, wavamizi wakiwa viumbe wa angani, si majirani wa kabila jingine. Ujuzi wa mitambo upo. Kinachosubiriwa ni mtu wa kutunga maswali. Na kwa maswali Nakuru haina njaa: kuna shimo la Menengai lenye visa vya mizimu, kuna shoka za mawe za Kariandusi, na kuna Hyrax Hill, kilima alichokichimbua Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, kando ya barabara ya kwenda Nairobi. Kwenye mwamba wa kilima hicho kuna mashimo ya bao yaliyochongwa na watu ambao majina yao hayajulikani. Hakuna kilichofichwa humo, kete zote ziko mbele ya macho ya wachezaji wote wawili, na hakuna aliyewahi kumuuzia mwenzake hatua inayofuata. Mashimo bado yapo. Ukipita, beba kete zako.